Watano wanataka udaktari, wawili urubani, mmoja kanyamaza: niwaambie nini?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mfamasia, nafanya kazi Morogoro. Mkuu wa shule ya kata niliyosoma ameniomba niwe mlezi wa kitaaluma wa wanafunzi wanane wa kidato cha tatu, niwe nao mpaka wamalize cha nne. Kikao cha kwanza niliwasimulia nilikotoka, nilivyosomea kibatari mpaka nikafika Muhimbili. Walipiga makofi, lakini nilipouliza nani ana swali, kimya. Nikawauliza wanataka kuwa nani: watano daktari, wawili rubani, mmoja hakusema kitu. Tulipotoka, binti mmoja alinifuata akaniomba nimlipie ada. Vikao vijavyo nizungumze nini? Na huyu wa ada nimjibuje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kile kimya kisikuvunje moyo. Simulizi ya mtu aliyefika mbali ni nzuri kuisikiliza, ila haina pa kushikia. Wanao wamesikia mwanzo, kibatari, na mwisho, koti jeupe. Pale katikati, ulipojaza fomu fulani, ukiwa na alama fulani katika masomo fulani, hukupagusa. Na wao wamesimama hapo hapo katikati, kwa hiyo hawakuwa na la kuuliza.

Hamasa wanayo tele. Wanahamasishwa kwenye mahafali, kanisani, msikitini na kwenye simu za kaka zao. Mimi kazi yako naiona hivi: kila uamuzi unaowakabili kati ya leo na kidato cha tano, wewe uufikie kabla yao, ujue unataka nini, kisha uwarudie kuwaambia wakati bado unaweza kubadilika. Ukifanya hilo tu, umefanya zaidi ya wageni wengi wanaokuja na kipaza sauti.

Anza na Fizikia. Nasema hivyo nikijua wewe ni mtu wa Kemia. Kikao kijacho, kabla ya kusema lolote kuhusu udaktari, waulize wale watano: nani bado anasoma Fizikia? Shule nyingi huwaacha wanafunzi wachague mwishoni mwa kidato cha pili kama wataendelea na Fizikia na Kemia au wataziacha. Wengi huziacha kwa sababu ambazo hazina uhusiano na akili zao. Mwalimu wa Fizikia alihamishwa Februari na mwingine hajaletwa, au marafiki zake wote wamekwenda upande wa sanaa. Baiolojia na Hisabati wanabaki nazo wote, basi mtoto anajiona bado ni mwanasayansi na anaendelea kusema "daktari" kwa moyo mweupe.

Sasa ujue milango yenyewe. Shahada ya udaktari wa binadamu inataka afaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita, yaani asome PCB. Stashahada ya utabibu, anayoweza kujiunga nayo akitoka kidato cha nne, inataka angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini, na ndani ya hizo nne ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Stashahada ya famasi inabana kwenye Kemia na Baiolojia. Kwa hiyo aliyeacha Fizikia lakini ana Kemia na Baiolojia bado ana mlango kwenye taaluma yako wewe, ila wa utabibu haupo tena. Aliyeacha na Kemia, milango ya tiba karibu yote imefungwa na hajui.

Ukimpata wa namna hiyo usimwambie "umekosea". Muulize aliacha kwa nini. Jibu likiwa ni mwalimu au marafiki, mpeleke kwa mwalimu wa taaluma wiki hiyo hiyo mzungumze kama anaweza kurudi. Kidato cha tatu bado inawezekana. Mwanzoni mwa kidato cha nne shule husajili masomo ya mtihani wa Taifa, na usajili ukishafungwa, njia inayobaki ni kurudia baadaye kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa gharama na muda wake. Na jibu likiwa ni kwamba Fizikia haipendi kabisa, basi mmeshapata jambo la kuzungumza: anayeichukia Fizikia ana uhakika gani kwamba anataka miaka mitano ya shule ya udaktari?

Mahali pengine wanapoumia ni kwenye tahasusi, yaani lile kundi la masomo matatu ya kidato cha tano na sita. Wao wanaziita kombi. Kabla ya mtihani wa Novemba, kila mwanafunzi wa kidato cha nne hujaza fomu ya machaguo ya TAMISEMI, ofisi inayowapangia wanafunzi shule na vyuo, ile selform, akiorodhesha tahasusi na vyuo anavyovitaka. Jaribu siku moja kuitazama inavyojazwa shuleni. Mwalimu mmoja, wanafunzi zaidi ya mia, kompyuta moja au mbili, na mtandao unakatika. Mtoto anaulizwa "kombi yako ya kwanza?" na ana nusu dakika. Anataja aliyoisikia kwa jirani yake. Fomu inayoamua miaka miwili ya maisha yake, na pengine zaidi, inajazwa hivyo.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni CBG. Mtoto anaona Kemia ipo, Baiolojia ipo, Jiografia ni nyepesi kuliko Fizikia, basi anaandika CBG akiamini ni njia ya mkato ya kwenda udaktari. CBG ni tahasusi nzuri. Itampeleka kwenye kilimo, misitu, wanyamapori, mazingira, na hapo Morogoro mna Chuo Kikuu cha Sokoine mlangoni. Udaktari haitamfikisha. Anakuja kulijua hilo siku anaomba chuo, kidato cha sita kimeshapita.

Wala si hilo tu. Mwaka 2024 serikali ilipanua orodha ya tahasusi kutoka 16 hadi 65, na majina yake mengine hata walimu hatujayazoea. Si kila shule inazifundisha zote. Kwa hiyo usikariri orodha. Wafundishe kusoma kinyumenyume. Chukua mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huu, unapatikana bure kwenye tovuti yao, mtafute kozi moja ambayo mtoto anaitamani, muone inadai masomo gani ya kidato cha sita, ndipo mrudi kwenye tahasusi yenye masomo hayo, kisha mrudi tena kidato cha nne muulizane: haya masomo unayo? Mwongozo umeandikwa kwa Kiingereza kizito, nao wako kidato cha tatu, kwa hiyo usomeni pamoja, sentensi kwa sentensi, ukiwaeleza kwa Kiswahili. Waeleze kwamba prinsipo maana yake ni kufaulu somo la kidato cha sita kuanzia A hadi E, na kwamba kwa shahada nyingi sakafu ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, A ikihesabiwa 5 na E ikihesabiwa 1. Waeleze pia kwamba sakafu ni sakafu: kozi inayogombewa itajaa watu wenye pointi nyingi kuliko hizo. Saa moja ya kazi hii inazidi hotuba zote. NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, nao wana mwongozo wao wa vyeti na stashahada. Ufanyieni vivyo hivyo.

Matokeo yakitoka Januari, TAMISEMI huwa inafungua dirisha la kubadili machaguo kabla ya kupanga wanafunzi. Wengi hawalijui au wanalisikia likishafungwa. Wewe andika kwenye simu yako: matokeo yakitoka, wapigie wote wanane, mtazame alama alizozipata kila mmoja dhidi ya alichokijaza. Aliyejaza PCB akapata F ya Fizikia asikae nyumbani akisubiri muujiza.

Nikuombe pia uwafundishe kusoma ripoti zao. Hii haina mbwembwe, na ndiyo naiamini kuliko nyingine. Mwambie kila mmoja aje na ripoti ya muhula uliopita. Utaona binti ana 41 ya Kemia na 43 ya Baiolojia, na ukimuuliza atakwambia "nina D mbili, sayansi imenishinda". Kwa viwango vya NECTA, Baraza la Mitihani, C inaanzia 45. Yuko alama nne na alama mbili kutoka kwenye krediti, yaani C au zaidi, na kidato cha tano kinamtaka awe na krediti zisizopungua tatu. Hapo mazungumzo yanageuka. Badala ya "ongeza bidii", ambalo ameshaambiwa tangu darasa la tatu, mnauliza hizo alama nne zilidondoka wapi. Mara nyingi ziko kwenye karatasi ya vitendo, au kwenye mada moja tu ambayo hakuielewa. Kwenye Kemia mimi huanza kukagua moli, kile kipimo cha kiasi cha kemikali. Wewe mada ya moli unaweza kuielekeza nusu saa, nyuma ya bahasha. Mzazi wake hawezi, na mwalimu wake ana watoto sabini darasani.

Sasa kuhusu kazi yenyewe, maana udaktari wanaousema ni neno tu. Hawajui daktari anafanya nini Jumanne saa nane mchana, na mfamasia hawamjui kabisa. Kwao ni yule anayekaa dirishani akitoa dawa. Usiwapeleke kituoni kwako wote wanane kwa mkupuo, wagonjwa wana siri zao na dirisha la dawa si jukwaa. Wapelekee kazi darasani. Kusanya maboksi matupu ya dawa, yaliyokwisha kabisa, bila kidonge ndani. Wagawie mawili mawili. Waambie watafute tarehe ya kuisha muda, namba ya toleo, mahali ilipotengenezwa na joto la kuhifadhia. Wataanza kubishana, maana maandishi ni madogo na wengine watachanganya tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Kisha waandikie ubaoni: mtoto kaandikiwa miligramu 250 za dawa ya maji, chupa inasema miligramu 125 katika mililita 5, mama yake umpe maelekezo gani? Watakaosema mililita 5 wapo, nakuhakikishia. Waulize nini kitatokea kwa yule mtoto akipewa nusu dozi wiki nzima. Halafu mpe mmoja bahasha ya dawa iliyoandikwa 2x3 kwa siku 5, ahesabu vidonge.

Wakati wanahesabu, wasimulie yale ambayo kwenye kikao cha kwanza hukuyasema. Kuhesabu stoo mwisho wa mwezi na leja ikakataa kulingana. Dawa uliyoagiza Bohari ya Dawa ikaja pungufu na wagonjwa wako kwenye foleni. Mteja anayetaka antibayotiki bila cheti cha daktari na anakutukana ukimkatalia. Waambie pia kwamba kuhitimu siku hizi si kuajiriwa. Wako wafamasia waliokaa nyumbani wakisubiri tangazo la Sekretarieti ya Ajira, na wako waliofungua maduka yao. Mtoto atakayesikia yote haya na bado akasema "nataka", huyo sasa ana hamu ya kazi. Wengine watapunguza kelele za udaktari na kuanza kuuliza mambo mengine, nayo ni faida.

Marubani wako wawili usiwacheke. Watu wazima tuna tabia ya kutabasamu mtoto wa shule ya kata akisema rubani. Waulize kinachowavuta ni nini hasa: kuirusha ndege, mashine yenyewe, kusafiri, au zile sare? Mafunzo ya urubani ni ghali mno, na cheti cha afya cha daraja la kwanza ni sharti kwa anayetaka kuirusha ndege ya abiria, waelezeni bila kuficha. Lakini anayevutwa na mashine ajue kwamba Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege. Anayevutwa na uwanja wenyewe asikie kwamba kuna waongoza ndege, na kwamba Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina chuo chake Dar es Salaam. Njia zote hizi zinapita kwenye Fizikia na Hisabati. Na kama kilichomvuta ni sare, huyo naye mzungumze taratibu. JWTZ, Uhamiaji, Zimamoto, hoteli, kote kuna sare.

Baada ya hapo kila mmoja achukue karatasi aandike njia mbili au tatu za kufika anakotaka, kila njia na miaka yake. Tuchukulie famasi, kwa kuwa unaijua. Njia ya kwanza: kidato cha tano na sita miaka miwili, shahada miaka minne, mafunzo kwa vitendo mwaka mmoja. Jumla miaka saba toka kidato cha nne. Njia ya pili: stashahada miaka mitatu, kisha shahada miaka minne kama alipata wastani wa 3.0 au zaidi, kisha mwaka wa vitendo. Jumla minane. Tofauti ni mwaka mmoja, na huyu wa pili katikati ya safari ana taaluma mkononi anayoweza kuifanyia kazi hata mambo ya nyumbani yakiharibika. Kwa hesabu hiyo, ile imani kwamba stashahada ni ya waliofeli haisimami. Mimi binafsi, kwa mtoto wa familia isiyo na uhakika wa fedha, aliyepata D na C za wastani, naegemea njia ya pili, ilimradi chuo kimesajiliwa NACTVET na familia imeuliza ada mapema, maana vyuo binafsi vya afya si rahisi. Kwa aliyepata B na A, aende kidato cha tano asigeuke nyuma. VETA, vyuo vya ufundi stadi, nayo iwemo kwenye karatasi kwa anayependa kazi za mikono; fundi umeme mzuri wa Morogoro haombi kazi, anaombwa.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo halizungumzwi kwenye makongamano ya taaluma, nalo limewaangusha watoto wenye akili kuliko Hisabati: majina. Mwambie kila mmoja wa wanane alete kivuli cha cheti cha kuzaliwa. Watatu hawatakuwa nacho. Wawili watakuwa na tangazo la kizazi la kliniki wakidhani ndicho cheti. Na mmoja utakuta cheti kinasema Rehema Juma Saidi, na shuleni amesajiliwa Rehema J. Said, au jina la katikati ni la babu mzaa mama kwa sababu alilelewa huko. Leo ni herufi tu. Siku anaomba mkopo, Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, na kwa yatima vyeti vya vifo vya wazazi navyo vihakikiwe. Jina la cheti lisipolingana na la matokeo, anaanza kuzunguka kwa wakili kutafuta kiapo huku dirisha la maombi likihesabu siku. Kidato cha tatu, marekebisho ya usajili ni mazungumzo na mkuu wa shule. Baada ya NECTA kuchapa cheti, ni safari. Wazazi walio kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya wahimizwe kutunza kumbukumbu za kaya, maana Bodi huwa inaziuliza.

Wakati uko kwenye fedha, wape picha ya kweli. Shule za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu mwaka wa fedha 2022/23, ingawa sare, godoro, nauli na mahitaji mengine yako palepale. Mkopo wa Bodi upo kwa shahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 umeanza kutolewa pia kwa baadhi ya stashahada. Wanaofanya vizuri sana sayansi kidato cha sita wana ufadhili wa Samia. Usiwaahidi watapata. Waonyeshe tu kwamba vipo na vinaombwa vipi.

Nyumbani nako kuna mwenye uamuzi, naye huenda si mzazi. Mtoto atakuandikia mpango mzuri, kisha baba mdogo anayemlipia nauli aseme "wewe utasoma ualimu". Hapo kwenu, kwenye nyumba za Waluguru, usimsahau mjomba. Muulize kila mtoto: ukitaka kwenda chuo, nani lazima akubali? Huyo atakayetajwa mwalike kwenye kikao cha wazazi, au mwombe mkuu wa shule akuunganishe naye kwa simu. Mwamkie, mweleze kazi yako, msikilize anaogopa nini. Mara nyingi anaogopa gharama tu na hajawahi kutajiwa kiasi. Usimpinge mbele ya mtoto. Ukimshinda kwa hoja leo, mtoto ndiye atalala naye nyumba moja.

Yule aliyenyamaza ndiye mimi ningemfikiria zaidi. Kunyamaza mbele ya wenzake saba na mgeni mwenye digrii si kukosa ndoto. Anaweza kuwa na jibu analoona aibu kulitaja, fundi cherehani, dereva wa lori, mpishi. Anaweza kuwa ameshaambiwa nyumbani kwamba shule inaishia cha nne. Usimbane hadharani. Kikao kijacho wape wote vikaratasi bila majina na swali dogo: "Jumamosi ukiwa huna kazi ya nyumbani, unafanya nini mpaka unasahau kula?" Utapata majibu ambayo swali la "unataka kuwa nani" halitayatoa. Anayetengeneza redio za jirani yumo humo, na anayewasuka wadogo zake yumo. Mwandiko utakusaidia kumjua bila kumuumbua. Na ukigundua ni msichana anayehofia kukatishwa masomo, ajue kwamba hata kwa aliyepata ujauzito, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unamruhusu kurudi shuleni.

Kuna mipaka nayo ni mikali, hasa ukizingatia kwamba hao ni watoto na wewe ni mgeni wa shule. Vikao vifanyike shuleni, mahali panapoonekana, mwalimu wa unasihi akijua siku na saa. Usimchukue mwanafunzi kwenye gari lako peke yake, usimwalike kwako, na usiandikiane naye usiku kwenye simu. Kama ni lazima kuwasiliana, pitia namba ya mzazi au mwalimu. Mtoto akikufunulia kwamba anapigwa au anaguswa vibaya, usimuahidi kutunza siri. Mwambie utamhusisha mwalimu wa unasihi au afisa ustawi wa jamii, kisha ufanye hivyo siku hiyo hiyo.

Sasa yule binti wa ada. Usitoe fedha mkononi, hata kama unazo na moyo unakuuma. Ukimpa mmoja, wiki ijayo wanane wote watakuwa na shida, na huwezi tena kujua nani anakuja kwa ajili ya vikao. Halafu jiulize: shule ya kata haina ada, sasa ameomba nini? Mtafute mbele ya mwalimu wa unasihi, umuulize kwa upole ni kitu gani hasa kimepungua. Inaweza kuwa michango ya chakula cha mchana, inaweza kuwa sare iliyochanika, daftari, au taulo za kike na ameona "ada" ni neno lenye heshima zaidi kulitamka. Ukishajua, kinunuliwe kitu chenyewe kupitia ofisi ya mkuu wa shule, bila jina lako kutajwa darasani. Kama kaya yao ina hali mbaya kuliko hapo, mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi ndio wa kuanza nao, na mwalimu wa unasihi huwa anawajua wote wawili.